Kilwa, Mombasa na Bukavu Mjini Lisbon

Ijumaa tuliyoondoka, Oktoba 2023, mama alinipigia simu nikiwa nimesimama katika stesheni ya treni ya Köln, Ujerumani, begi dogo likiwa begani, nami nikamwambia kwamba niko njiani kwenda kazini. Ulikuwa uongo. Nilikuwa nakwenda Brussels, na kutoka Brussels tungepanda ndege kwenda Lisbon, watu watatu, kwa siku nne za matembezi tu, bila harusi, bila msiba, bila semina wala sababu nyingine yoyote ambayo mtu wa nyumbani angeikubali pasipo kuuliza swali la pili. Mama aliniombea zamu njema, nikaitikia amina, na dua ile ikanikaa kooni mpaka treni ilipovuka mpaka na kuingia Ubelgiji.

Naliandika jambo hili kwa sababu najua kwamba wengi wetu tunaoishi ughaibuni tumewahi kulisema neno kama lile nililolisema mimi. Mtu anayetegemewa nyumbani hujifunza mapema kuipima kila yuro kwa kipimo cha nyumbani. Nauli ya ndege ya kwenda kutembea ni ada ya muhula wa mdogo wako, na kulala hoteli usiku mmoja ni dawa za presha za baba za miezi miwili. Hesabu hiyo si ya uongo, na wala sidhani kwamba mtu anayeifanya anaonewa. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na watu waliojinyima. Lakini kwa miaka sita nilisafiri njia moja tu, Köln hadi Dar es Salaam, kisha basi la Kilwa Masoko, masanduku mawili yakiwa yamejaa viatu, simu na mashuka ya watu, na kila mara nilirudi kazini nikiwa nimechoka kuliko nilivyoondoka. Bara zima la Ulaya lilikuwa nje ya dirisha langu, nami nilikuwa nalijua kwa wodi moja, chumba kimoja na duka moja la vyakula.

Wenzangu wawili sitawataja majina, kwa kuwa hawakuomba kuandikwa. Nitawaita kwa miji waliyotoka, kama tulivyozoea kuitana wenyewe: Mombasa na Bukavu, nami wao huniita Kilwa. Tulikutana mwaka 2016 katika darasa la jioni la Kijerumani, pale Köln, tukiwa tumekaa safu ya nyuma, na siku ya kwanza kabisa mwalimu alipotutaka tujieleze, kila mmoja akagundua kwamba mwenzake anatamka Kijerumani kwa mdomo wa Kiswahili. Baadaye maisha yalitutawanya. Mombasa aliolewa akahamia Birmingham, Bukavu akawafuata ndugu zake Brussels, mimi nikabaki na kazi yangu ya uuguzi. Ahadi ya kusafiri pamoja tuliiweka kila mwaka na kila mwaka ikavunjika, mara kwa ratiba yangu ya zamu, mara kwa ujauzito wa Mombasa, halafu ikaja korona. Mwaka 2023 Bukavu alikata shauri kwa niaba yetu: alinunua tiketi yake kwanza, akatutumia picha yake, akaandika, "Mimi niko naenda. Nyinyi mutanikuta."

Tulikuwa safari moja lakini hati tatu, na hapo ndipo mtu anapojua kwamba marafiki wanaokula sahani moja hawapiti mlango mmoja. Bukavu ni raia wa Ubelgiji sasa, kwa hiyo alihitaji kadi ya plastiki isiyozidi kiganja. Mimi nina paspoti ya Tanzania na kibali cha kuishi Ujerumani, na viwili hivyo vikiwa pamoja vinaniruhusu kuingia nchi nyingine za eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa muda usiozidi siku 90 katika kila siku 180. Mombasa ana paspoti ya Kenya na anaishi Uingereza kihalali, ana kazi, ana nyumba, ana watoto shuleni, lakini Uingereza haimo katika eneo la Schengen, na kibali chake cha huko hakikumfungulia chochote. Ilimbidi aombe viza kama anayetoka Kenya kwa mara ya kwanza: barua ya mwajiri, taarifa za benki, bima ya safari isiyopungua yuro 30,000, uthibitisho wa malazi, tiketi ya kwenda na kurudi, alama za vidole, na ada ya yuro 80 kwa wakati ule, ambayo hairudishwi hata ukinyimwa. Viza yake ilitoka siku nne kabla ya safari, na siku alizopewa zilikuwa zile zile za tiketi, hakuna hata moja ya akiba.

Katika wiki zile za kusubiri nililiona jambo ambalo sikuwa nimelitarajia. Bukavu, ambaye hakuhitaji karatasi hata moja, ndiye aliyekesha akisoma masharti ya viza kuliko sisi sote. Alimwandikia Mombasa barua ya kueleza ratiba ya safari, akaitafsiri, akaipanga siku kwa siku, na kila jioni alipiga simu kuuliza kama kuna habari. Nilipomwambia kwamba anajichosha, alinijibu kwamba yeye alifika Ulaya akiwa mkimbizi, na anajua mtu anavyokaa na simu mkononi akingojea jibu la ofisi. Hawezi kumwacha mtu angojee peke yake.

Langoni, kabla ya kupanda ndege, zamu ikawa yangu. Mhudumu wa shirika la ndege aliishika paspoti yangu, akageuza kurasa zote akitafuta viza ya Ureno, nami nikamwonyesha kibali cha Ujerumani, akakitazama mbele na nyuma, akaniambia nisimame pembeni mpaka amuulize mwenzake. Abiria wakanipita mmoja mmoja. Mombasa alikuwa nyuma yangu, akatoka kwenye foleni akaja kusimama nami. Bukavu alikuwa ameshapita na yuko ndani ya ule ushoroba wa kuelekea kwenye ndege. Akageuka, akanikosa, akarudi. Hakugomba. Alisimama upande wangu wa kushoto, akaushika mkono wa begi langu kama mtu anayesaidia kubeba, na tukangoja watatu, kwa dakika zipatazo kumi, mpaka yule mhudumu alipoambiwa na mkubwa wake kwamba hati zangu zinatosha. Nimeshawahi kusimamishwa namna ile nikiwa peke yangu, na najua mwili unavyojikunja. Safari hii sikujikunja.

Lisbon ni mji wa vilima, na chumba tulichopanga kilikuwa mtaa wa juu, Graça, ambako unapanda ngazi mpaka magoti yanazungumza, kisha unageuka na kuuona mto Tagus ukiwa mpana kama bahari. Harufu iliyotupokea ilikuwa ya samaki wa kuchoma, dagaa wakubwa wanaochomwa kwa chumvi tupu, na Mombasa alisimama katikati ya ngazi akavuta pumzi, akasema hii ni jioni ya kwao kabisa. Tulianzisha mfuko wa pamoja, kila mtu akatia yuro 60, na Bukavu akawa mtunza fedha, kwa sababu ndiye peke yake kati yetu anayeandika matumizi na kuyasoma tena.

Usiku ule wa kwanza, katika mgahawa mdogo wa familia, lugha ndiyo iliyotushughulisha. Mombasa alikuwa wa kwanza kugutuka. Mhudumu alipotuonyesha mahali pa kukaa na kutamka mesa, yeye akaniambia, "Hebu ndoo usikie, shoga yangu, amesema meza." Kuanzia hapo hatukula kwa utulivu. Copo ni kopo, na Bukavu akasema kwao kopo ni la kunywea, kama la Wareno wenyewe, wakati kwetu Kilwa ukisema kopo mtu anafikiria bati la maziwa au la kuchotea maji. Vinho ni mvinyo, ananás ni nanasi, bandeira ni bendera. Lenço ndilo lililotuchukua muda mrefu zaidi. Mombasa anaposema leso anakusudia vazi ambalo mimi naliita kanga, na mimi ninaposema leso nakusudia kitambaa cha kufutia jasho. Kwa miaka saba tumekuwa tukirekebishana juu ya neno hilo, naye mhudumu, alipoulizwa kwa ishara, akatuonyesha kwamba kwa Kireno lenço ni kitambaa cha mkononi na pia ni cha kufunga kichwani. Kwa hiyo sote wawili tulikuwa sawa, na ugomvi wetu ulikuwa na umri wa miaka 500.

Neno gereza halikutuchekesha. Limetokana na igreja, yaani kanisa. Kilwa Kisiwani tunalo jengo tunaloliita Gereza, ngome inayotazama maji, na Mombasa wanayo Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ambayo Waingereza waliigeuza kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Wareno walijenga ngome na kuweka kanisa ndani yake, na wazee wetu walioitazama kutoka nje wakalichukua jina la nyumba ya ibada wakaliweka kwenye nyumba ya kufungia watu. Sijui mtu anaweza kuandika historia ya miaka ile kwa ufupi kuliko walivyoiandika wao kwa neno hilo moja.

Jumamosi tulipanda tramu namba 15 kwenda Belém. Kila mtu anayekwenda Lisbon huenda huko, na mengi yanayosemwa juu ya mahali pale ni kweli, kwa hiyo sitayarudia: mawe ni meupe, foleni ni ndefu, vitumbua vya maziwa na yai vinaliwa vikiwa vya moto. Nilichotaka kukiona ni kaburi. Ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos, ukiingia tu, upande wa kushoto, amelazwa Vasco da Gama, sanamu yake ya mawe ikiwa imekunja mikono kwa kusali, na ubavuni mwa kaburi kumechongwa kamba na chombo cha tanga. Nilikuwa nimelisoma jina hilo tangu darasa la tano, katika somo la historia, kama jina la mtu aliyepita pwani yetu akielekea India. Kwa namna fulani sikuwahi kufikiri kwamba ana kaburi, na kwamba unaweza kusimama karibu nalo kiasi cha kuuona vumbi kwenye kunjo za nguo yake.

Mombasa alisimama pale muda mrefu. Kwao hadithi hiyo husimuliwa kwa undani: jinsi alivyofika Aprili 1498, jinsi watu wa Mombasa walivyomtilia shaka, na jinsi alivyokwenda Malindi akapokewa na kupewa rubani wa kumvusha bahari. Kwetu Kilwa alikuja baadaye, mwaka 1502, akiwa na mizinga, akamlazimisha Amiri Ibrahimu kukubali kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Miaka mitatu baada ya hapo ikaja merikebu ya Francisco de Almeida na nyingine nyingi nyuma yake. Julai 1505 wakaiteka Kilwa, na Agosti ya mwaka huo huo wakaichoma Mombasa. Tulikuwa watu wawili kutoka miji miwili iliyoporwa na kundi moja la vyombo ndani ya wiki chache, tumesimama tukiwa tumeshika miavuli, na pembeni yetu watalii walikuwa wakipiga picha za kawaida za likizo. Sikuwachukia. Nisingependa mtu anichukie kwa kupiga picha mbele ya jengo ambalo sijui lilijengwa kwa nini. Lakini niliuona umuhimu wa kutokuwa peke yangu mahali pale, kwa sababu mtu peke yake na kaburi kama lile hana wa kumwambia, na akirudi kazini Jumatano atasema tu kwamba Lisbon ni nzuri.

Jumapili tulipumzika na kupika. Tulishuka Martim Moniz, mtaa wenye maduka ya Wahindi, Wabangladeshi na Waafrika, kutafuta tui la kopo, na mama mmoja aliyekuwa akinunua sambusa, ambazo Lisbon huitwa chamuça, alituzungumzisha ghafla kwa lugha ambayo ilikuwa Kiswahili na haikuwa Kiswahili. Alikuwa mzaliwa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na alikuwa akisema Kimwani. Tulielewana kwa kupunguza mwendo. Aliuliza kwetu ni wapi, tukamwambia, na alipolisikia jina la Kilwa akaguna kama mtu aliyetajiwa jirani. Kabla ya kuondoka aliichukua bahasha yake ya pilipili mbuzi, akatugawia nusu.

Tulikuwa na jiko la plati mbili. Mombasa, ambaye anauita mchele mtele na hataki kusahihishwa, alikuwa amebeba iliki na mdalasini kutoka Birmingham. Bukavu alikuwa ametaka sombe, nami nikamwambia kwetu ni kisamvu, na vyovyote tutakavyoliita jani hilo halikupatikana, kwa hiyo tukaridhika na wali wa nazi na samaki. Mimi nilikuwa naosha mchele, mikono ikiwa ndani ya maji, na Bukavu alikuwa amekaa kitandani anasoma kitabu cha wasafiri cha Kifaransa alichokuja nacho kutoka Brussels. Akauliza, bila kuinua macho, "Dada, hii Kiloa, haiko kwenu?"

Nikamwambia anisomee. Akasoma kwa Kifaransa kisha akageuza: kwamba katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale mna chombo cha dhahabu kilichotengenezwa kwa amri ya Mfalme Manuel wa Kwanza, na fundi wake aliitwa Gil Vicente, kikamalizika mwaka 1506, na dhahabu yake ni ile iliyotolewa kama kodi na mfalme wa Quíloa. Nilitoa mikono ndani ya maji. Nikamwambia alirudie jina. Alilirudia. Mombasa akazima jiko.

Inafaa nieleze baba yangu ni nani. Kwa zaidi ya miaka 30 amekuwa na mashua inayovusha watu kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, na wageni wanapotembezwa kwenye magofu, Msikiti Mkuu, Husuni Kubwa, Makutani, mara nyingi yeye hukaa kwenye mchanga kuwangoja, lakini wakati wa kurudi huulizwa maswali yaliyobaki. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipofika mwaka 1331 aliusifu mji ule kwa uzuri, na uzuri huo ulilipiwa na dhahabu iliyotoka bara, ikapitia bandari ya Sofala, Msumbiji ya leo, ikapanda na vyombo hadi kwetu. Baba huyasema hayo akiwa ameshika usukani. Wageni huuliza, karibu kila safari, dhahabu yenyewe iko wapi sasa. Nimemsikia akijibu tangu nikiwa mtoto wa kukaa miguuni pake ndani ya mashua: "Imekwenda." Hakuwa akiongeza neno, na mimi nilidhani ndilo jibu kamili.

Jumatatu asubuhi tulikuwa mlangoni pa makumbusho, mtaa wa Janelas Verdes, saa nne kasoro, tumeoga na kuvaa kama wanaokwenda kwenye shughuli. Milango ilikuwa imefungwa. Makumbusho yale hufungwa kila Jumatatu, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameangalia, hata Bukavu. Tulikuwa na viza moja inayokwisha Jumanne na ndege ya Jumanne jioni. Tulirudi Belém tukaupoteza mchana kwenye uwanja ulio mbele ya mnara wa Wavumbuzi, ambako ramani kubwa ya dunia imetandazwa chini kwa mawe ya rangi. Mombasa alivua viatu akasimama pwani ya Afrika Mashariki, nami nikasimama hatua fupi kusini yake, na Bukavu akaenda kusimama ndani, mahali alipokadiria Ziwa Kivu. Alisema akiwa pale kwamba sisi wawili bahari ilituletea watu wenye karatasi na mizinga mapema, wao walifikiwa karibu miaka 400 baadaye, na waliowafikia ni hao ambao yeye leo ana kadi yao mfukoni. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma kalenda.

Jumanne tuliingia saa nne kamili, tukiwa na masanduku yetu, tukayaacha mapokezi, na tukapita kwenye vyumba vyenye picha nzuri ambazo sikuzitazama. Chombo kile kimewekwa ndani ya kioo, na unaweza kukizunguka. Nilikitarajia kikubwa zaidi. Kwa urefu hakifikii mita moja. Ni cha kuwekea mkate mtakatifu wakati wa ibada za Wakatoliki, na kimetengenezwa kama mnara mwembamba wa kanisa: katikati wamepiga magoti mitume kumi na wawili, wadogo kama vidole, kila mmoja na uso wake, rangi bado mbichi kwenye nguo zao, na juu yao ananing'inia njiwa. Kwenye shina kuna tufe sita za nyuzi za dhahabu, ambazo zilikuwa alama ya Mfalme Manuel, kuonyesha kwamba dunia iko mkononi mwake. Ni kazi ya fundi mkubwa, na singependa kuificha sifa hiyo. Nilipoinama kuutazama uso wa mtume mmoja, niliona kwamba ana makunyanzi.

Bukavu alikwenda moja kwa moja kwenye kitako cha chombo. Yeye hutembelea makumbusho kwa namna yake, aliyojifunza Tervuren, nje ya Brussels, katika jumba linalohifadhi vitu vilivyochukuliwa Kongo. Huwa haanzi na uzuri. Huanza kwa kutafuta jina la mahali, na jina la mtu aliyenyang'anywa, na mara nyingi, anasema, anarudi nyumbani bila kuyapata. Safari hii aliyapata. Maandishi yanazunguka kitako cha chombo, yakisema kwamba Mfalme Manuel ameamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na jina limeandikwa kwa herufi za zamani, V ikisimama mahali pa U. Akaniita kwa mkono. "Hiki hakikuficha," akasema. "Kimeandika mwenyewe nani alilipa."

Sijui wenzangu waliona nini usoni kwangu. Mombasa alinishika bega. Katika darasa langu la tano tulikuwa watoto zaidi ya 50, tukisomea hatua chache kutoka ufukwe ambao dhahabu hii ilipakiwa, na hakuna aliyetuambia kwamba ipo, kwamba ina umbo, kwamba imeandikwa jina la kwetu na inaweza kutazamwa. Sidai hapa kwamba irudishwe kesho asubuhi. Hilo ni suala la watu wenye elimu na mamlaka kuliko mimi, ingawa ningependa walizungumze. Ninalolidai ni dogo: kila shule ya Kilwa iwe na picha yake ukutani. Na nisingelijua la kudai kama si msichana wa Bukavu aliyekaa kitandani akisoma kitabu wakati mimi naosha mchele, kwa maana mimi, peke yangu, ningekwenda ufukweni.

Nilipiga picha, nikamtumia baba, na baada ya dakika chache simu ikaita kwa video. Aliyepiga alikuwa mama.

"Leo hukwenda kazini?"

"Shikamoo mama. Sikwenda. Na Ijumaa pia sikwenda, nilikudanganya. Nisamehe."

Alikaa kimya. Nilisikia kuku na redio. Kisha akauliza, "Uko na nani huko?"

"Niko na wenzangu, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Bukavu."

"Marahaba. Wamekula?"

Nikageuza simu akawaona, wakamwamkia, akawauliza habari za wazazi wao kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kama watu walioingia uani. Kisha akampa baba simu. Baba alikuwa ameivaa miwani yake ya kusomea. Hakuuliza niko nchi gani wala nimepata wapi nauli. Aliuliza, "Ndiyo hiyo?" nikamwambia ndiyo hiyo, baba, imeandikwa. Akasema picha ya maandishi imefifia, kioo kinarudisha mwanga, hawezi kuona neno, basi tumsomee.

Mombasa aliushika mwavuli wake kuuzuia mwanga wa taa usianguke kwenye kioo. Mimi nikaisogeza simu. Bukavu alipiga magoti sakafuni, kidole chake kikifuata maandishi kwa nje, bila kugusa. Mlinzi wa chumba alikuja karibu, akatutazama, akarudi kwenye kiti chake. Bukavu akasoma herufi moja moja, kwa sauti ya chini, kwa matamshi ya Kifaransa, nami nikazirudia moja moja kwa matamshi ya kwetu, na upande wa pili baba alikuwa ameweka daftari la hesabu za mashua magotini, amelifungua ukurasa wa mwisho, anaandika.

"Rudieni," akasema, "ile ya pili."

Tukarudia.